Mlango wa Jikoni

Jiko letu halikuwa na mlango. Lilikuwa na pazia la kitambaa cheupe, chepesi, chenye kuteleza mkononi, na upepo wa kiangazi ulipokipuliza, nyumba nzima ilionekana kama inapumua. Mama alisema mlango ulitafunwa na mchwa. Nikaamini, maana hapa Kolwezi mchwa husingiziwa mengi.

Kitambaa kile kilitoka angani. Hilo nalikumbuka, au naliota, sijui tena. Nilikuwa na miaka sita, waasi wameingia mjini na vita, nimelala chini ya kitanda na mdogo wangu wa kike. Kupitia tundu la dirisha nikaona askari wa kigeni wakishuka kwa miavuli juu ya vichuguu, polepole, bila sauti. Nilidhani ni kitu kizuri. Walikaa muda mfupi wakaenda zao, na miavuli ikabaki porini. Kina mama wakaikata wakashona nguo za ubatizo, mashuka na mapazia.

Baba hakuwepo. Mama alituambia amekwenda Musumba kwa mama yake mgonjwa, na barabara imekatika. Barabara ya Musumba ni mbaya kweli, basi tulimsamehe msimu wa kwanza wa mvua, na wa pili. Kila lori la mihogo lililotoka huko tulilikimbilia, tukikagua nyuso za abiria waliokaa juu ya magunia. Nilipovunja ungo nikaacha kukimbia. Nilikuwa nimeelewa, au nilijifanya nimeelewa: yule bwana ana mke mwingine. Nikamchukia kwa moyo wote. Siku ya harusi yangu nilikataza asitajwe.

Miaka ikapita. Wageni wengine walikuja na madaftari na kamera, wakatuuliza habari za siku zile, nani alianza, nani aliokolewa. Mgodi wa shaba wa serikali ukalala, vijana wa nchi nzima wakaja kuchimba kwa mikono, na majirani wakachimba hata vyumbani mwao. Kila nyumba ilikuwa na shimo isipokuwa yetu. Nyuma ya jiko kulikuwa na tuta la mchicha wa lengalenga ambalo Mama hakuruhusu jembe liliguse. Alilipalilia kwa vidole, akalimwagilia kila asubuhi, na mboga yake hatukuila hata siku moja. Aliiacha izae mbegu, ianguke, iote tena. Mimi nimeosha mawe ya shaba mtoni miaka mingi, nayajua macho ya mtu anayeficha jiwe. Nikasema, mama yangu amekalia madini.

Mwaka huu watu wa mgodi mpya wakaandika namba nyekundu kwenye kuta zetu. Mtaa mzima unahama, shimo kubwa linakuja huku. Nikaona ni ujinga kuwaachia jiwe letu. Jumapili, Mama alipokwenda misa, nikachukua jembe.

Nilichimba nikiimba. Udongo ulikuwa mwekundu, laini, unanukia mvua. Shimo liliponifika kiunoni jembe likagonga chuma. Nikapiga magoti nikafukua kwa mikono: bawaba, bawaba nyingine, komeo lenye kutu, na mbao zilizogeuka unga. Nikakaa na lile komeo mapajani. Mlango uliotafunwa na mchwa unafanya nini chini ya mboga?

Mama alinikuta hivyo, angali na kitenge chake cha misa. Hakupiga kelele. Aliketi ukingoni, akavua viatu, akavipanga kando.

“Usiendelee, mwanangu. Tata yenu hakuendaka Musumba. Iko hapo, chini ya mulango.”

Siku ile ya miavuli Baba alikuwa ametoka uani kutazama angani, kama walivyofanya wengi, na risasi ikapita uzio. Kwenda makaburini hakukuwezekana. Mama alichimba nyuma ya jiko peke yake, akang'oa mlango akamfunika nao, udongo usimguse usoni. Baadaye askari wa serikali wakapita nyumba kwa nyumba wakitafuta waliowasaidia waasi, na mtu aliyekufa kwa risasi ilibidi awe na upande. Ndipo akatunga safari ya Musumba. Uongo ule ukazeeka pamoja nasi, akakosa pa kuuvunjia.

Nikamuuliza swali kama lile la wageni, nani alimpiga.

“Bote balikuwa na bunduki,” akasema. “Mi nilikuwa natafuta jembe.”

Nililionea aibu jembe langu. Nikalitupa, nikainama, nikamwomba Baba msamaha kwa sauti, majirani wasikie wasisikie.

Alipokuja mtu wa mgodi kuandika vilivyomo katika kila kiwanja, Mama alimwambia kuna kaburi, akamwonyesha kwa kidole. Tulimhamishia Baba kwenye makaburi ya mjini mchana wa jua kali. Mama mwenyewe alilishusha pazia la jikoni, akamfungia ndani yake.

Jioni nikampigia simu mdogo wangu, ambaye anafanya biashara Dilolo, mpakani. Nikamweleza yote tangu mwanzo. Sasa ana wajukuu, lakini sauti iliyonijia ilikuwa ya yule mtoto aliyekimbia nami nyuma ya malori.

“Yaya,” akaniita, kama tunavyoita dada mkubwa, “kumbe hakutukimbiaka?”

Nikamwambia hapana. Muda wote alikuwa nyuma ya jiko.