Dodoki Lililobaki na Wino

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka nainamisha uso hata nikiwa peke yangu jikoni. Mengi mazuri ya ujana wangu yamenitoka. Nimesahau nyimbo tulizoimba, nimesahau hata majina ya baadhi ya niliocheza nao. Siku ile ya beseni kule Chumbi haijanitoka. Na kwa kuwa siku hizi vijana wa hapa Kibiti mmeipenda kazi ya kugonga mihuri ya mpira, mnapamba kadi za harusi na mifuko ya zawadi kwa maua ya kila rangi, naona ni vibaya nife nayo kifuani. Nimepita kwenye vibanda vyenu. Nimeona kile kipande cha kusugulia mihuri, chenye vinywele vifupi kama zulia, kimetupwa pembeni na wino wake mbichi. Nikataka kusema, nikanyamaza. Leo nasema.

Nililelewa Mtawanya na shangazi yangu Hadija, dada yake baba. Shangazi alikuwa mgonga mihuri, lakini usifikirie mihuri ya ofisini. Alichonga maua kwenye soli za kandambili zilizochakaa, akazigandisha juu ya vipande vya mti wa mkoko vilivyotoka huko deltani, kisha akazipaka buluu ya kufulia iliyokorogwa na uji mzito wa wanga. Aligonga maua hayo kwenye foronya na mashuka meupe, na wasichana wakayafuata kwa sindano na uzi. Nguo ikifuliwa, buluu yote huondoka na maji, yakabaki maua ya uzi peke yake, kana kwamba yameota pale bila kuchorwa na mtu.

Mihuri hiyo aliisafisha kwa dodoki. Alilichagua lililokauka vizuri, akalipasua, akakung'uta mbegu, akalilaza chini ya jiwe mpaka likawa bapa, kisha akalishonea kwenye kibao. Muhuri ukishafanya kazi, huusugua juu ya dodoki bichi, halafu huufuta juu ya jingine kavu. Na jioni, kabla hata hajaosha miguu yake, huliosha dodoki lenyewe. Alitumia maji ya vuguvugu na sabuni ya mche. Alilikandamiza kwa kiganja kama anayekanda unga, wala hakulisokota, maana nyuzi zake hukatika. Alibadilisha maji hadi yakatoka kama yalivyoingia. Mwisho hulilaza uso chini, kivulini, penye upepo.

Mimi niliona ni kujisumbua. Siku moja nikamwambia, "Shangazi, kitu cha kuoshea nacho kinaoshwa?"

Akanitazama akacheka. "Wewe ukioga kwa maji ya tope, umeoga?"

Hilo lilikuwa somo lote, mwanangu. Laiti ningelishika.

Nilikuwa msichana wa kupenda kutazamwa. Idi ilipokaribia nilikuwa na mtandio mweupe, nikautaka uwe na maua mekundu, tena yasiyoondoka kwa maji. Kaka wa rafiki yangu alikuwa akiandika kwenye magunia ya mpunga kwa wino mwekundu wa mafuta, nikamwomba kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Shangazi alipokwenda shamba, nikauchukua muhuri wake wa ua la yasmini, muhuri aliokuwa akiupenda kuliko yote, nikagonga mtandio wangu mpaka ukapendeza. Kisha nikausugua muhuri kwa mafuta ya taa juu ya dodoki lake. Dodoki likawa jekundu kama ulimi wa mtafuna tambuu.

Nilisikia watu wanarudi kutoka shamba. Nikalisuuza harakaharaka, nikalipangusa juu kwa kitambaa hadi likaonekana jeupe, nikalirudisha mahali pake. Usoni lilikuwa safi. Wino ulikuwa umejificha tumboni, katikati ya zile nyuzi, ambako jicho halifiki.

Idi ikapita, nikasifiwa mtandio wangu, na siku zote hizo shangazi alikuwa na kazi za shamba, hakugusa mihuri wala dodoki. Wakati huo jirani yetu Mwanahawa alikuwa amechumbiwa Chumbi. Alikuwa msichana mpole, msafi wa kupindukia, wa kufagia uwanja hadi mchanga ukaogopa kukanyagwa. Alileta foronya zake nyeupe zigongwe. Shangazi akakaa mkekani, mimi nikamshikia kitambaa kisisogee. Kila akimaliza kugonga ua, huusugua muhuri juu ya lile dodoki kabla ya kuupaka buluu tena, kama ilivyokuwa kawaida yake.

Niliiona, mwanangu. Sikuhadithiwa. Pembezoni mwa maua ya buluu palikuwa na zambarau kidogo, kama kope za mtu aliyelia.

Shangazi akasogeza foronya karibu na macho. "Buluu ya leo mbona imekoza hivi? Au ni macho yangu?"

Nikasema, "Kivuli tu, shangazi."

Neno dogo kiasi hicho. Akaniamini, akaendelea kugonga, na jioni dodoki nikaliosha mimi, juu juu. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, na mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Sasa, desturi yetu ya wakati ule ilikuwa hivi. Foronya za bi harusi hazikufuliwa kwao. Zilikwenda kwa mume na buluu yake, ili mama mkwe aone kuwa zimeshonwa kwa mkono, si za kununua. Yeye mwenyewe ndiye aliyezifua mara ya kwanza, uwanjani, mbele ya wanawake wa pande zote mbili. Buluu ikiondoka na maua yakabaki, hupigwa vigelegele, na bi harusi aliye ndani husikia kwamba amepokelewa.

Tukavuka mto kwa kivuko, tukampeleka Mwanahawa. Asubuhi ya pili mama mkwe wake, Bi Pili, akatoa beseni. Wanawake wakazunguka. Foronya ya kwanza ikaingia kwenye maji, buluu ikaanza kutoka kama moshi. Bi Pili akaiinua, akaitandaza mikononi. Maua ya uzi yalikuwa mazuri. Na kuyazunguka, kila mahali, palikuwa na vidoa vidogo vyekundu.

Hakuna aliyepiga kigelegele. Bi Pili akarudisha foronya majini, akasugua kwa sabuni, akaiinua tena. Buluu ilikwisha. Vidoa vikawa vyekundu zaidi.

Wifi mmoja, mwanamke wa maneno, akainama akatazama. "Jamani, foronya zimeumwa hizi."

"Zimeumwa na nini?" mwenzake akauliza.

"Na kunguni. Hamwoni damu? Enyi watu wa Mtawanya, huko kwenu wanalala watu au wanalala kunguni?"

Kicheko kikapasuka. Wewe unajua utani wa ukweni; huruhusiwi kununa. Mwingine akadakia, "Basi mwali kaja na ndugu zake wa kitandani, tuwatilie nao wali."

Shangazi akasimama. "Mwali hana kosa. Huo ni muhuri wangu. Mikono yangu ndiyo iliyoharibu."

"Bi mkubwa," yule wifi akasema, "kunguni naye siku hizi ana muhuri?"

Wakacheka upya. Walidhani anamtetea mtoto wa jirani, kama mtu mzima yeyote angefanya. Shangazi alibaki amesimama, mtu ambaye watu walivuka mto kumletea kazi, akichekwa kwa kosa asilolijua. Nami nilikuwa nimekaa nyuma ya wenzangu, mtandio wangu wenye maua mekundu begani. Nikauvua polepole, nikaukunja, nikaukalia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Siku ile kilichomla Mwanahawa kilikuwa kwenye nguo yangu, nami nikakinyamazia.

Tuliporudi Mtawanya shangazi alilibonyeza dodoki, wekundu ukamjaa kiganjani, kisha akautazama mtandio wangu. Kesho yake akanipa beseni la maji ya vuguvugu, sabuni, na dodoki. "Osha," akasema. Nikakandamiza. Maji yakawa mekundu. Nikamwaga, nikatia mengine. Yakawa mekundu. Alikaa kwenye kigoda akinitazama, na kila nilipoinua uso kuona kama inatosha, alionyesha beseni kwa kidevu. Jua lilifika kichwani na maji bado yalikuwa na wekundu.

"Ulijua tangu ile siku ya kugonga?" akaniuliza.

"Nilijua, shangazi," nikasema, nikamweleza yote.

"Mimi nimewaambia ni muhuri wangu, hawakuniamini. Wewe watakuamini, maana msichana wa umri wako hajitwishi aibu isiyo yake. Rudi Chumbi, Somoe. Kaa mbele ya Bi Pili na wanawake wake, useme kama ulivyoniambia mimi. Wino ukiwa mbichi hutoka kwa maji. Nenda kabla haujakauka."

"Nitakwenda, shangazi."

Sikwenda. Kwanza ilikuwa mvua, nikasema njia imeharibika. Kisha mto ulijaa. Kisha mpunga ulikuwa unaiva na ndege walihitaji kufukuzwa. Kisha nikaumwa homa, na nadhani niliipenda homa ile. Shangazi hakulirudia neno lake. Aliwahi tu, siku moja tukipepeta mchele, kuniuliza, "Mto umepungua?" Nikajibu sijui, na mto ulikuwa umepungua hata watoto wanajua. Kuna watu hukuadhibu kwa fimbo, mwanangu, na kuna wanaokuachia nafasi ya kujionea mwenyewe ulivyo. Hao wa pili ndio wakali.

Nilikwenda Mwanahawa alipojifungua mtoto wake wa kwanza. Nilishuka barabarani pale Chumbi, nikamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, kwa Mwanahawa ni wapi.

"Mwanahawa yupi?"

"Aliyeolewa kutoka Mtawanya."

"Aa, Bi Kunguni." Alisema bila kucheka, bila ubaya wowote, kama unavyotaja jina la mtu. "Nyumba ile yenye godoro nje."

Miguu yangu ilitaka kugeuka. Nikaenda hivyo hivyo. Nikakaa mbele ya Bi Pili na wale wanawake waliokuja kumwona mtoto, nikasema yote: mtandio, wino wa magunia, dodoki, kivuli. Nilisema nimeinamisha kichwa.

"Kumbe," akasema Bi Pili. "Basi sisi tulikuwa tunatania tu, mwanangu. Nani asiyejua kuwa mkwe wangu ni msafi?" Akageuka kumfukuza kuku. Na yule wifi, akinipita kwenda jikoni, akasema, "Haya, Bi Kunguni kapata shahidi." Wakacheka kidogo, cheko la watu waliokwisha kuzoea.

Mwanahawa alikuwa ananyonyesha. Hakunitukana. Aliniambia kwa sauti ya chini, ili mtoto asiamke, "Tangu nimefika hapa, kila asubuhi natoa godoro nje, Somoe. Hata siku za uchungu wa huyu nililitoa, wapitao waone halina kitu. Ungekuja lile juma la kwanza, tungecheka wote, likaisha. Sasa hata anayelitamka hajui lilitoka wapi."

Nilimwomba radhi. Akaniambia amenipa. Naamini alinipa kweli, kwa maana alikuwa mtu wa namna hiyo. Lakini radhi yake haikulifuta jina. Sasa ni bibi kama mimi, na ukifika Chumbi leo ukauliza kwa Bi Kunguni, mtoto aliyezaliwa juzi atakuonyesha kwa kidole. Wajukuu zake humwita hivyo kwa mapenzi. Yeye huitika. Mimi nikimsikia akiitika hutafuta pa kuweka macho.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Kitu unachosafishia mihuri ndicho cha kwanza kuoshwa, wala usingoje kesho. Kioshe wino ukiwa bado mbichi, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, ukikikandamiza taratibu mpaka maji yatoke meupe. Usikichune kwa kucha, vinywele vyake vitang'oka. Usikitie mafuta ya taa, yataula mpira wa muhuri. Kila aina ya wino ipe cha kwake. Kianike kivulini, uso chini, na usikiamini kwa kukitazama juu, kibonyeze. Kilicho tumboni hutoka siku utakapokibonyeza kwenye kitu cheupe cha mtu mwingine.

Na ukikosea, maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Sema mbele ya wale wale waliomcheka asiye na kosa, si nyuma ya mlango, si baada ya mwaka. Usimwache mtu mzima abebe mzigo wako. Usiseme ni kivuli. Mficha uchi hazai, na mficha kosa hulizaa likakua nyumbani kwa mwenzake. Aibu ya siku moja ni kali, lakini inalala pamoja na jua. Mimi yangu bado iko macho.

Mungu akujalie mikono isiyochafua nguo ya mtu, na siku ikichafua, akujalie ulimi wa kuwahi kabla ya jua kuzama. Akukutanishe na watu wa kukusamehe, na asiwape watu jina la kumwita mwenzako kwa sababu yako. Nenda kafanye kazi, mwanangu, na radhi yangu iende nawe.