Uso wa Kikombeni

Juzi, katika makumbusho yaliyojengwa kuhifadhi vitu vya Kijapani vya tajiri mmoja, nilikiona kikombe chembamba ndani ya kabati la kioo. Taa ilikimulika, na uso wa mwanamke ukatokeza kwenye kitako chake.

Bibi yangu alikuwa na kama hicho kule Ibra, Uarabuni. Alitoka nacho Unguja amekifunga ndani ya kanga. Kila alasiri, chumba kikinukia ubani na iliki, alimaliza chai yake, akakiinua dirishani ili niuone uso wa kitakoni. Mimi niliamini yule ni dada yake, Bi Zuhura, aliyebaki Unguja.

Siku moja akaja mzee wa ukoo wa babu, akakigeuzageuza mkononi.

"Mashallah, kizuri hiki," alisema kwa Kiarabu.

Kule mgeni akisifu kitu, hupewa. Bibi alitabasamu. "Chukua, sheikh. Halali yako."

"Bibi, anamchukua Bi Zuhura!" nililia.

Mzee hakujua Kiswahili. Alinipapasa kichwa, akaniombea dua, akaondoka nacho.

Leo najua uso ule ulikuwa kazi ya fundi wa Kijapani tu. Lakini kesho yake Bibi alinywea chai kwenye gilasi, akaimaliza, akaiinua gilasi tupu dirishani.