Kamera ya Kwenda kwa Mama Mkwe

Mtakaosoma haya, nivumilieni. Mwandiko wangu unalala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua, na maneno mengine nayaandika jinsi ninavyoyasikia tu, maana shule niliiacha nilipomaliza ya msingi. Naandika polepole. Kusema ndiyo siwezi kabisa, mbele ya watu ulimi wangu unakwama. Lakini habari ya kamera yetu nina raha nayo mno, nami nisipoiandika itanipasua.

Kaka yangu mkubwa alipata mchumba, msichana wa Sandoa aliyekuja hapa Kolwezi kukaa kwa dada yake. Wazee walizungumza kwa simu mpaka wakakubaliana, ikabaki twende tukajitambulishe kwa wazazi wake. Baba yetu alikwisha kufa, kwa hiyo msemaji wa ukoo ni baba mdogo. Mama angepaswa kwenda pia. Lakini miguu yake imevimba tangu zamani, na barabara ya Sandoa inamtikisa hata mtu mzima wa afya mpaka anasahau jina lake. Basi ikaamuliwa baba mdogo aende na mimi, nimbebee mizigo.

Mama akaniita jikoni.

"Muko naenda kuona mama wa ule mutoto," akasema. "Mi sitamuona. Bajukuu betu batakuwa ba moya, mi na ye, na sitajua hata sura yake. Nitamutuma mutoto wangu kwa muntu mwenye sijui? Uniletee sura yake."

"Mama, si yaya," nikauliza, maana kaka tunamwita yaya, "iko na simu ya foto?"

"Simu iko na kinywa. Leo unapiga foto ya mama wa bantu, kesho iko kwa simu ya jirani, kesho kutwa banamuwekea maua ku kichwa na miziki. Mama mukwe haiko muntu wa kutembeza vile. Mutafute aparei yenye haisemake na bantu."

Kaka akatoa pesa ya kununua hiyo aparei, yaani kamera. Mimi usiku ule sikulala vizuri kwa furaha, maana ilikuwa wazi nani ataishika. Baba mdogo hawezi. Katika picha zote alizowahi kupiga baba mdogo, watu hawana vichwa. Kuna picha ya ubatizo wangu nyumbani, ninajulikana kwa sababu ya shati.

Sokoni tulikwenda kwa tata mmoja, yaani baba mmoja Mwislamu, ambaye wazazi wake walitoka Maniema. Anauza redio, chaja, na kamera zilizotumika zinazotoka Ulaya. Ameziweka ndani ya sanduku la kioo, na mkononi ana kitambaa muda wote, kwa sababu malori ya shaba yakipita vumbi linaingia hata ndani ya maneno yako.

Ya kwanza aliyonitolea ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha. Ukiibonyeza, jicho lake linatoka nje polepole kama kichwa cha kobe, ukiizima linarudi ndani. Nililitoa na kulirudisha, nikalitoa tena. Nilikuwa nacheka peke yangu. Ningeinunua papo hapo na kutembea nayo mpaka Sandoa kwa miguu.

"Hii inakula nini?" baba mdogo akauliza.

"Unaichomeka ku courant, ku umeme, tata, inashiba."

"Na kule njiani courant tutaikuta mu muti gani?"

Muuzaji akairudisha ndani ya kioo. Nikaisindikiza kwa macho. Akatoa nyingine ya bluu, akasema hii hata ukiitumbukiza mtoni inapiga.

"Tuko naenda ku bukwe," baba mdogo akasema. "Hatuko naenda kuvua samaki."

Ya tatu muuzaji aliitoa kwa majivuno. "Hii, tata, njo ya kisasa. Ukipiga foto, yenyewe inaituma ku simu."

Baba mdogo aliondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. "Hapana. Iyo iko na kinywa."

Ndipo ikatoka ile ya nne. Ilikuwa nene, ya kijivu, yenye rangi iliyochubuka pale mtu fulani wa Ulaya alipoishikilia kwa miaka. Haikuwa nzuri. Lakini ilikula pile mbili za kawaida, zile betri za redio, ambazo hata kibanda cha mwisho cha kijiji cha mwisho kinaziuza. Haikuwa na namna ya kutuma kitu popote. Na ilikuwa inavuta. Nililielekeza jicho lake ng'ambo ya barabara, kwa mama anayekaanga mikate ya mafuta, nikabonyeza kavute-vute, kile kitufe cha kuleta vitu karibu, na yule mama akaja. Alikuja mpaka nikaona mafuta yanang'aa kwenye vidole vyake. Nilisahau kabisa ile ya fedha. Moyo ni kitu cha ajabu.

"Iko muzuri," nikasema, na baba mdogo akageuka kunitazama kwa sababu nilikuwa nimesema mbele ya mtu.

Muuzaji akaanza kuifuta. "Nani atapiga iyo foto ya mama mukwe?"

"Huyu," baba mdogo akasema.

"Ye ni nani kwa bwana-arusi?"

"Mudogo wake."

Muuzaji akaweka kitambaa chini. "Basi ye pia ni mukwe."

 Niliona uso wa baba mdogo unaelewa polepole. Sisi tuna asili ya Kasai, na kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Akikutana naye njiani anapita porini, naye mama anajifunika kitenge. Walunda wa Sandoa ni hivyo hivyo. Na mkwe si bwana arusi peke yake, ndugu zake wote wamo. Nyumbani tulikaa tukapanga safari nzima, mama, kaka, baba mdogo na mimi, na hakuna aliyekumbuka kwamba mpiga picha mwenyewe haruhusiwi kumtazama anayepigwa.

"Atasimama mbali," baba mdogo akasema. "Hii inavuta."

"Tata, akimuvuta mpaka hapa, si njo amemukaribia zaidi?"

"Ataangalia kioo ya aparei. Hataangalia sura."

"Na sura itakuwa wapi? Si mu kioo?"

Wakaendelea hivyo, kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake tata, mpaka wanunuzi wengine wakaanza kutega masikio nami nikaanza kutamani ardhi inimeze. Mwishowe muuzaji akaichukua kamera, akaiweka juu ya redio, akabonyeza mara mbili.

"Hii inajipiga yenyewe. Unaweka, unakimbia. Simama pale, tata."

Taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa. Baba mdogo akajinyoosha kama mtu wa pasipoti. Mimi, kwa kuwa ndiye mkimbiaji, nikakimbia, nikaingia katika mabeseni ya mama wa kibanda cha jirani, yakamwagika yote. Kamera ikalia. Tukatazama picha. Baba mdogo alikuwemo mzima, mpaka kofia.

"Niko na kichwa," akasema. Aliitazama muda mrefu. Tukainunua.

Safari sitaieleza yote. Tulipanda juu ya lori la mizigo, na kamera ilikaa ndani ya soksi safi ya baba mdogo, soksi ndani ya mfuko wa nailoni, mfuko ndani ya shati langu. Kila lori liliposimama niliitoa. Nilipiga daraja, gurudumu, mbuzi aliyelala juu ya magunia ya mihogo, na dereva akinywa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi. Dereva akaniuliza kama mimi ni mwandishi wa habari. Nikasema ndiyo, sijui kwa nini.

Sandoa walitupokea vizuri sana. Tulikalishwa uani juu ya viti vyenye vitambaa, baba wa msichana na ndugu zake upande wa pili. Jiko lilikuwa nyumba ndogo ya matofali nyuma yetu. Mama mkwe alikuwa humo na wanawake wenzake. Alipotoka kuchota maji alijifunika kitenge mpaka puani, nami nikatazama viatu vyangu.

Baba mdogo alipoanza hotuba yake, nikanyemelea kazi yangu. Palikuwa na kinu kimepinduliwa karibu na jiko. Nikaweka kamera juu yake, ikitazama mlango, nikabonyeza mara mbili, nikakimbia nyuma ya banda la kuku. Ikalia. Nikarudi. Ilikuwa imepiga kuku. Nikabonyeza tena, nikakimbia. Mlango mtupu. Tena. Sikio la mbuzi. Tena. Kiwiko cha mtu, lakini cha nani?

Mimi nilidhani nimejificha. Kumbe kila mara nilikuwa nakatiza uani nikiwa na viatu vilivyopakwa rangi, mbele ya wazee wote, nikienda na kurudi. Baba wa msichana akamkatiza baba mdogo hotuba kwa upole.

"Samahani, tata. Mutoto wenu anaumwa tumbo?"

"Hapana, tata," baba mdogo akasema. "Iko na kazi."

Kisha akaendelea na hotuba.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya banda, nimekata tamaa, nikiwaza jinsi nitakavyompelekea mama sikio la mbuzi, ndipo mtoto mmoja wa kike kutoka jikoni akanijia.

"Mama anauliza, unakimbia nini?"

Nilimweleza yote, nikitazama chini: miguu ya mama yetu, wajukuu wamoja, simu yenye kinywa. Akaenda.  Halafu wanawake wakacheka, kicheko cha jiko zima, mpaka wazee wakageuka. Yule mtoto akarudi.

"Mama anasema, si ungesema tu? Leta iyo kintu."

Niliitoa kamera kama mtu anayetoa yai. Hakuna aliyewaza hilo, si mama, si kaka, si baba mdogo, wala yule muuzaji mwenye akili zote zile: kwamba wanawake nao wana mikono.

Mlango ukafungwa. Nikasimama nje, mgongo wangu ukigusa ukuta wa matofali, moshi wa sombe, mboga ya majani ya mihogo, ukinipita juu ya kichwa. Sauti nzito ya mama mkwe ikatoka ndani, karibu kabisa na sikio langu.

"Muulize mukwe, tunabonyeza wapi?"

"Mama anauliza, munabonyeza wapi," mtoto akasema dirishani.

"Muambie mama, ku kidude cha juu."

"Nimesikia," sauti ikasema. "Muulize, hii taa nyekundu inatukasirikia?"

"Muambie mama, hapana. Inahesabu."

"Inahesabu nini? Madeni yetu?"

Wakacheka tena. "Sogea, we unajaza foto peke yako," mwanamke mwingine akasema, na mwingine akajibu, "Mungu njo amenijaza, mi nifanye nini?" Kamera ikalia. Ikalia tena. "Muambie mukwe imetukamata na macho yamefungwa." Nikamwambia mtoto amwambie mama warudie. Nikafundisha kuvuta, nikafundisha kusogea mbali na moshi. Mtoto alichoka kupeleka maneno akaenda kucheza, nasi tukaendelea kusema na ukuta, mimi nikiuambia ukuta na mama akiuambia ukuta. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo katika maisha yangu. Nilikuwa natetemeka kwa kucheka.

Kamera ilirudi ya moto, imepakwa unga wa bukari, ugali wetu. Nikataka kutazama. Baba mdogo akakifunika kioo kwa mkono wake.

"We ni mukwe," akasema. "Hata humu."

Kwa hiyo nilirudi Kolwezi bila kujua nimebeba nini. Njia nzima niliishika ndani ya shati nikijiuliza: wameikamata sura, au wamekamata sufuria?

Mama alikuwa amekaa barazani ananingoja, miguu juu ya kigoda. Hakuuliza habari ya safari. Nikakiweka kidole chake kwenye kitufe cha kupitisha picha, nikakaa upande wa pili, kioo kikimtazama yeye na si mimi. Nikatazama uso wake.

Akabonyeza. "Nani amepiga huyu kuku?"

"Endelea, mama."

Akabonyeza, akabonyeza. Mlango. Sikio.  Halafu akaileta kamera karibu na macho, akaipeleka mbali, akaileta tena. Midomo yake ikaanza kucheza.

"Njo ye huyu," akasema. "Huyu wa mwiko mukononi, mwenye anafanana na ule mutoto. Amevaa blauzi ndani-nje. Mishono yote iko inje." Akacheka mpaka akashika mbavu, machozi yakamtoka. "Amevaa mbiombio sababu ya foto yangu. Mi pia ningevaa vile. Angalia anavyoniangalia."

"Siwezi kuangalia, mama."

"Kweli. Basi nitakuambia." Akaniambia: meno mapana, paji la uso la mtu asiyefichaficha, kovu dogo kidevuni, na macho yaliyomkazia moja kwa moja kana kwamba anamwambia njoo kula. Alizipitisha picha zote, akazirudia. "Mutoto wangu aende," akasema. "Ule mama hatamutesa."

Kisha akaomba kitambaa chake cha kichwa, kile cha Pasaka, na kioo cha kujitazama. Akataka nimpige yeye: akiwa amekaa, akiwa amesimama kwa kushika nguzo, miguu yake peke yake ili mwenzake aone kwamba kutokwenda kwake hakukuwa kiburi. Mimi ni mwanawe, kwa hiyo nilimtazama nilivyotaka.

Asubuhi kamera ikapanda lori lile lile, ndani ya soksi, mikononi mwa dereva, kwenda Sandoa. Mama anasema itarudi na jibu, halafu itakwenda tena. Baba mdogo ananiuliza mimi nitapiga picha lini. Sijui. Kwa sasa kamera ni ya mama wawili.

Wakati naingoja sina la kufanya jioni ila kuandika, ndiyo maana mmepata kurasa hizi. Niandikieni na ninyi. Kama kwenu kuna ukwe wa namna hii, nielezeni mliwahi kuupitaje. Nami nina swali moja linaloniwasha: ikiwa katika zile picha imo moja ambayo mama mkwe mwenyewe alinipiga kutoka dirishani nikiongea na ukuta, je, mimi naruhusiwa kuitazama hiyo? Hata mkiandika mistari miwili tu, hata mwandiko ukiwa mbaya kuliko wangu, nitasoma.