Salongo Katika Foleni ya Ukaguzi

Pikapu ya kanisa letu pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nilikuwa naiendesha mimi, mwanamke, na jambo hilo liliwakaa wanaume wengine kooni. Usukani nilifundishwa kwetu Uvira, Kongo, na marehemu baba yangu, na sikuwa na mpango wa kumwomba mtu radhi kwa ajili hiyo. Nilipeleka nguo za mafundi cherehani mtaa wa Biwi, Lilongwe, nikapeleka wagonjwa hospitali, nikarudi na mafuta ya kupikia na habari za mjini.

Kisha cheti cha ukaguzi wa gari kikakaribia kuisha. Kikiisha, polisi wa kizuizi cha barabarani wasingenipitisha hata ningewaomba vipi. Nikaenda Lilongwe gari likaguliwe. Foleni ilitoka getini hadi barabarani, na ofisi ikafungwa sijafika mbele. Mara ya pili nilifika, mkaguzi akawasha taa zangu, akazikataa: zinamulika vibaya. Fundi wetu wa kambini akazirekebisha. Ndipo mzee wa kanisa aliyetunza mali zetu akanifuata nyumbani.

"Mama, bantu banasema we unaendaka kutembea tu kule mujini. Ukirudi tena bila cheti, ile funguo tutamupatia mwanaume."

"Hata huyo mwanaume, foleni itamungojesha," nilimjibu.

Nilijibu kwa ukali, lakini iliniuma. Nilikuwa nimeacha nyumba, shamba na kaburi la baba. Funguo ile ndiyo iliyonifanya nijione bado mtu wa kazi, siyo mtu wa kugawiwa chakula tu.

Mara ya tatu nikakuta foleni ile ile. Safari hii niliteremka, nikaenda hadi getini kuona kinachotuchelewesha. Gari moja lilikataliwa kwa taa ya breki iliyoungua, jingine kwa honi bubu, jingine kwa indiketa. Kila moja lilitengenezwa hapo kando, likapimwa upya, na sisi wa nyuma tukazidi kusubiri. Wenyewe hawakuwa wazembe. Nani awezaye kukanyaga breki huku anatazama taa zake za nyuma?

Kwetu Kongo, enzi ikiitwa Zaire, kulikuwa na salongo, kazi ya pamoja ya kufagia na kufyeka, ya amri, nami niliichukia tangu utotoni. Siku ile niliitisha ya kwangu, kwa jina lile lile. Kila dereva amtazamie aliye mbele yake: kanyaga breki, washa indiketa, piga honi. Walicheka, mama mkimbizi anatoa amri. Nikacheka nao, nikaenda kwenye gari linalofuata. Dereva wa lori kutoka Madisi, aliyeokota Kiswahili katika safari za Mbeya, akanitafsiria. Watu wakaanza kuazimana balbu na kuunganisha nyaya.

Mwisho yule wa Madisi akaniambia nisogeze pikapu mbele ya ukuta, niwashe taa.

"Mama, taa zako zinatazama kulia. Huku tunapita kushoto. Unawapiga machoni wanaokuja."

Nikacheka mpaka machozi. Fundi wetu alikuwa wa Uvira, ambako magari hupita kulia. Alizitengeneza vizuri kabisa, kwa barabara za kwetu, na mimi nikazitazama nikaridhika. Tukazigeuza kwa bisibisi.

Foleni ikaanza kutembea. Mkaguzi alikosa wa kumrudisha, akatoka getini kuangalia kulikoni leo. Kabla ya saa ya chakula nilikuwa na cheti mkononi, na madereva wakanipungia: "Zikomo, amayi," yaani asante, mama. Nilijivuna, sifichi, nikajivuna njia nzima. Hata mwaka uliofuata niliwakuta wanakaguana wenyewe, na Wamalawi wale wanaiita salongo.

Dzaleka nilimkuta mzee wa kanisa mbele ya kanisa, na kando yake mwanaume aliyevaa viatu vya safari. Walikuwa wamekwisha kumchagua ashike usukani wangu. Nikampa mzee cheti. Alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena, kisha akamwambia yule bwana arudi kwake.

"Mama, kuko mugonjwa wa kupeleka Lilongwe. Mi nitamusindikiza," alisema, akazunguka gari, akasimama upande wa abiria akingoja.

Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa funguo, nikamfungulia mlango.