Ridi Niliyoisugua

Kabla sijapuliza saksafoni, huwa naiweka ridi mdomoni kwanza ilowe. Ridi ni kile kipande cha mwanzi, bapa, kifupi kuliko kidole, kinachofungwa kwenye mdomo wa saksafoni. Bila hicho, lile dude lote la shaba ni bomba tu. Ikishalowa hutoa harufu ya tenga lililonyeshewa mvua. Wenzangu kwenye bendi huo ndio muda wao wa kutazama simu. Mimi, kila Jumamosi mchana tukiwa tunawapigia wageni pale hotelini, harufu hiyo hunirudisha Mwembesongo, uani kwetu, siku ya Idi nikiwa na miaka tisa.

Baba alikuwa akipiga saksafoni kwenye bendi ya dansi ya hapa mjini. Mwezi wa Ramadhani bendi ilikuwa inapumzika. Saksafoni ililala uvunguni ndani ya sanduku lake, na ridi aliifunga kwa mpira juu ya kipande cha kioo isije ikapinda. Ridi hazikuuzwa Morogoro siku hizo. Aliyokuwa nayo aliletewa na mtu aliyetoka safari za mbali, na hakuwa na nyingine. Hakuna aliyetukataza kuigusa, kwa kuwa nani angewaza kwamba mtoto ataitaka?

Siku moja kabla ya Idi nyumba nzima ilikuwa ikisuguliwa. Mama aligawa kazi kama mwalimu wa zamu, na mimi nikapewa masufuria. Nilikuwa mtoto wa kupenda sifa, nasema ukweli wangu. Nilisugua kwa majivu na mchanga mpaka Bibi mzaa baba, aliyekuwa ameshuka kutoka Mkuyuni na tenga lake la ndizi kuja kula sikukuu na sisi, akasema mtoto huyu ataolewa mapema. Sifa hiyo ilinipanda kichwani. Nikatafuta kingine cha kusugua, nikaikumbuka ridi ya Baba. Ncha yake ilikuwa imegeuka rangi ya chai kwa mate ya miaka. Nikaona aibu kwa niaba yake: watu wote watavaa vipya, yeye apande jukwaani na uchafu ule mdomoni?

Niliisugua kwa moyo wote. Nilipomaliza ilikuwa nyeupe, nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikaianika juani pembeni ya masufuria, kisha nikairudisha kwenye kioo chake na kuifunga vilevile. Usiniulize nilivyojivuna.

Kesho yake, baada ya swala na pilau, Baba alivuta sanduku ili ajiandae kwa dansi la alasiri. Nilisimama mlangoni na gauni langu jipya, nikisubiri. Aliifungua ridi, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ncha ilikuwa imepasuka katikati.

"Nani kaisafisha hii?"

"Mimi, Baba. Ilikuwa chafu."

Mama akafungua mdomo. Baba akamtazama, akatikisa kichwa polepole, na Mama akaufunga.

"Imetakata kweli," aliniambia. "Ahsante, mama."

Alitoka uani, akazunguka mara mbili, macho chini, halafu akaenda kwenye tenga la Bibi na kuvunja ufito mmoja wa ubavuni, ule mnene wa mwanzi uliokauka.

"Weye, tenga langu limekukosea nini?" Bibi akauliza.

"Nisamehe, mama. Nitakusukia jingine."

Akaketi kwenye kigoda, akaupasua ule mwanzi kwa kisu, kisha akaanza kuukwangua kwa kigae cha chupa. Anakwangua kidogo, anaweka mdomoni, anapuliza, anasikiliza, anakwangua tena. Jasho lilimdondoka kwenye shati la Idi. Nilichuchumaa mbele yake nikiona raha, maana kwa akili yangu alikuwa ananitengenezea mchezo.

Ukumbi ulijaa. Watoto tuliwekwa chini mbele ya jukwaa. Bendi ilianza vizuri, magitaa yakienda yenyewe, mpaka ilipofika zamu ya saksafoni peke yake. Baba alisogea mbele, akapuliza, na kilichotoka kilikuwa mlio wa mwanambuzi aliyeachwa na mama yake. Akapuliza tena, ukatoka mluzi. Watoto tukaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Baba akatutazama, akainama kwetu, akaurudia ule mlio wa mbuzi kwa makusudi, mara tatu, akitikisa kichwa kama beberu. Ukumbi mzima ukacheka. Nilijua baba yangu ndiye mtu wa kuchekesha kuliko wote duniani.

Mzee Kibwana, kiongozi wa bendi, hakucheka. Pembeni ya jukwaa alikuwa amekaa na kijana mmoja mwenye nywele za kijeshi, kutoka kambi ya Ngerengere, mwenye sanduku jeusi katikati ya miguu. Nililiona lile sanduku. Nilidhani ni la nguo.

Siku chache baadaye Baba alianza kushinda kwa fundi seremala mtaa wa pili, akipiga randa. Alasiri alirudi mapema, akakaa barazani, akaniita: "Njoo." Akanipa saksafoni, ilhali ilikuwa karibu kunizidi urefu. Kila siku, mawingu yakiwa yanashuka milima ya Uluguru, nilijifunza kupumua, kushika, kupuliza. Niliwatambia wenzangu kwamba baba yangu ameacha bendi kwa sababu ananipenda. Kwa miaka mingi nilizihesabu alasiri hizo kuwa zawadi yangu ya Idi.

Baba alitangulia mbele za haki mwaka juzi. Siku ya arobaini alikuja Mzee Salehe, aliyekuwa mpiga besi wao, mkongojo mkononi. Nilimpa shikamoo, nikamkalisha kwenye mkeka pamoja na wazee wengine, na akaanza kumsimulia marehemu kwa upendo.

"Baba yako alikuwa fundi," aliniambia. "Tatizo lake uzembe. Kibwana alikuwa ameshaletewa kijana wa jeshi, akasema, ngoja nimsikilize mwenzetu siku ya Idi, akipiga vizuri nafasi ni yake. Siku yenyewe anakuja na kijiti cha tenga! Kibwana anamuuliza, ridi yako iko wapi? Anasema, niliikalia. Basi, Kibwana akasema mtu anayekalia ridi yake siku kama ile hana haja na kazi."

Wazee wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Hakuikalia," nikasema. "Niliisugua mimi. Kwa majivu. Nilikuwa na miaka tisa."

Mzee Salehe akaulaza mkongojo wake mkekani. "Mbona hakusema? Angesema ni mtoto, Kibwana angemwelewa. Sote tulikuwa na watoto."

Jibu lote sinalo hadi leo. Najua tu kwamba nilikuwa nimekaa pale chini, hatua chache kutoka jukwaani, na gauni jipya, na neno hilo moja, 'ni mtoto', lingenifikia. Namkasirikia mara nyingine, kwamba alijitia uzembe akaishi nao mpaka kaburini. Halafu nakumbuka jinsi kila somo lilivyokuwa linaisha pale barazani. Alikuwa anaitoa ridi kwenye saksafoni, ile ya tenga, na kuniwekea kiganjani pamoja na kitambaa laini.

"Futa wewe, mama," alikuwa akisema. "Kwa usafi humu ndani hakuna anayekufikia."

Nami nilifuta, kichwa juu, mpaka nikawa mtu mzima.