Bahari ya Mama Adrienne

Wanawake wanaotia samaki chumvi pale ufukweni Kalemie wana kipimo chao, na hawakukipata shuleni. Unamimina maji ya ziwa mu beseni, unatia chumvi ya Uvinza, ile ya mawe inayovushwa kutoka Kigoma, unakoroga na mukono. Kisha unaweka yai bichi la kuku. Likizama, ongeza chumvi. Likielea na kichwa chake kikaonekana juu ya maji, acha, maji yameiva, samaki hataoza hata akienda mpaka Nyunzu. Mama Adrienne alipima hivyo tangu ujana wake. Hakuna muntu aliyewahi kumurudishia samaki akisema ameharibika. Alilijua hilo, na alitembea sawa muntu anayelijua.

Mutoto wake aliyebaki alikuwa mumoja, Toussaint. Alikaa Dar es Salaam miaka mingi, kwenye hoteli iliyofuga samaki wa bahari ndani ya vioo ili wageni wawatazame. Kazi yake ilikuwa kuwatunza. Halafu hoteli ikafungwa, akampigia mama yake simu.

"Mama, nimechoka na miji ya watu. Ile sanduku ya vioo ya Papa ingali iko?"

"Iko. Itaenda wapi? Ina miguu?"

"Bon. Nitakuja na samaki zangu mbili, za bahari. Nitaziweka mule. Lakini hizi haziwezi maji ya ziwa, Mama, zinataka maji ya chumvi. Zile samaki za Papa uzirudishe ku mawe, usafishe sanduku, uiache tupu. Chumvi nitaleta miye mwenyewe, bahari iko na chumvi yake. Unasikia? Usitie kitu."

"Nasikia."

"Nikiona inawezekana, nitabakia nyumbani."

Katika maneno yote hayo Mama Adrienne alishika moja tu: nitabakia.

Sanduku lile lilikuwa sebuleni, pana kama kitanda cha mutoto. Lililetwa na mume wake, Papa Kyungu, zamani alipokuwa akizamia kwenye mawe upande wa Mpala, akitafuta samaki wadogo wa rangi kwa Muzungu mumoja aliyewapeleka Ulaya. Muzungu alipoondoka, Kyungu alibaki na sanduku na samaki wachache wenye mistari ya bluu na nyeusi. Kyungu akafa, samaki wakazaana. Ni samaki wa namna yao: mama anawaweka watoto wake mudomoni mpaka wapate nguvu, na siku zile zote hali kitu. Kila asubuhi Mama Adrienne aliwapa chakula na kuwagombeza. "Wewe Kyungu mudogo, acha mwenzako ale." Nyumba ile haikuwa na mwanaume wala mutoto. Ilikuwa na hao.

Arudishe hao ku mawe? Kwa nini? Alikumbuka yeye mwenyewe alivyoletwa ziwani kuwa bibi arusi, kutoka kwao Nyunzu, kwa watu wa mihogo na treni. Musimu muzima wa mvua alitapika kwa harufu ya samaki. Nani alimurudisha? Alizoea. Na samaki watazoea. Utie chumvi kidogo leo, kidogo kesho, pole pole, mwili utajua wenyewe. Siku Toussaint atakapoingia mulangoni, atakuta bahari iko tayari, samaki wa baba yake wanacheza ndani yake, na wale anaowaleta wataungana nao. Atarudi Dar kufanya nini tena?

Rosine, jirani yake na mwenzake wa chumvi, alimukuta anakoroga chumvi mule sandukuni.

"Mama Toussaint! Unatengeneza bahari ao unatengeneza makayabu, samaki ya chumvi?"

"Cheka tu. Wewe umeshaona bahari?"

"Sijaona. Na wewe je?"

"Mutoto wangu ameona, inatosha."

"Sasa si umuulize huyo mutoto chumvi inaingia kiasi gani? Simu unayo."

"Rosine, miye nimetia chumvi samaki ya muji huu mbele wewe ujue kufunga kitambaa ku kichwa. Leo niulize mutoto niliyemunyonyesha namna ya kutia chumvi?"

Rosine alichukua beseni lake, lakini mulangoni aligeuka akawatazama samaki. "Wanapumua mbio," akasema, akaenda.

Walikuwa wanapumua mbio kweli. Mama Adrienne aliona, akajiambia ndivyo kuzoea kunavyoanza. Hata yeye alipumua hivyo Nyunzu ilipomutoka mwilini. Akaongeza konzi moja ya chumvi. Wakaacha kula. Wakapanda juu, midomo wazi. Samaki jike mumoja alikuwa amebeba watoto mudomoni, shavu limejaa. Yule alikaa chini pembeni, hakupanda na wengine, mapezi yakitetemeka. Halafu mbele ya macho ya Mama Adrienne akafungua mudomo na kuwatema watoto wote. Walitoka kama punje za mutama, wakazunguka kidogo wakitafuta pa kurudi. Mama yao alikuwa ameshalala ubavu.

Walipokufa wote, wakubwa na watoto, aliwakusanya ndani ya bakuli lake la kulia, akafunika na kitambaa, akaenda nao kwenye mawe ya ufukweni. Akawaacha majini mumoja mumoja. Maji yakawarudisha kwenye miguu yake.

Muntu mwingine hapo angemwaga. Mama Adrienne alirudi nyumbani akatazama lile sanduku lenye maji matupu, na hakumwaga. Kumwaga ingekuwa kusema samaki wa Kyungu wamekufa bure. Ikiwa maji yamewashinda wao, basi ni kwamba bahari imekaribia. Akaleta mufuko muzima wa chumvi. Akakoroga na mukono mpaka vidonda vya vidole vikawaka. Akaweka yai. Lilizama, akaongeza. Likayumba katikati, akaongeza. Mwisho likasimama juu, kichwa nje, jeupe na la kujidai.

"Voilà," akasema peke yake. Akafunika sanduku na kitenge.

Toussaint alifika mchana wa jua kali. Mashini ya mashua ilikuwa imewafia katikati ya ziwa, na yeye hakulala tangu Kigoma, ameshika mufuko wa maji kifuani akiupuliza hewa kwa mpira. Ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe. Alikuwa amekonda. Nywele zilikuwa na mvi ambazo mama yake hakuzijua.

"Begi yako njo hii moja?"

"Ile kubwa iko kwa rafiki Kigoma, Mama. Nikiona mambo yanasimama, ataituma." Akatazama kitenge juu ya sanduku. "Samaki za Papa ulizirudisha?"

"Nilizirudisha ku mawe."

Akatabasamu. Ni hilo tabasamu lililomuumiza Mama Adrienne baadaye kuliko kitu chote. "Aksanti, Mama. Nilikuwa naogopa utakataa. Acha nilaze mugongo kidogo tu, halafu nitatengeneza maji."

Akalala palepale ku mukeka, mudomo wazi, kama alivyolala utotoni. Mama Adrienne akaketi kuwatazama samaki ndani ya mufuko. Walikuwa wanapanda juu, midomo wazi. Namna ile aliijua sasa. Akamutazama mutoto wake, akaona haya kumuamusha. Na bahari si ilikuwa tayari, hatua moja kutoka pale? Akaondoa kitenge. Akafungua mufuko akawamimina.

Hawakuzama. Walijaribu kupiga mbizi, maji yakawarusha juu. Wakajaribu tena. Wakalala ubavu juu ya maji, karibu na yai, wakitetemeka, mpaka ule mwendo wa mikia ukaisha.

Toussaint aliamuka kwa sauti ya mama yake, ijapokuwa mama mwenyewe anasema hakutoa sauti. Akaja, akatia kidole, akaonja. Akakunja uso, akatema.

"Mama, ulipima na nini?"

"Na yai."

"Yai likaelea?"

"Lilielea muzuri."

"Bahari hainyanyui yai, Mama." Alisema pole pole, sawa vile muntu anamuelezea mugeni njia. "Yai linazama ku bahari. Hii... hii ni ya kukaushia samaki."

Akakaa chini. Kisha akainua kichwa, akatazama kona ambako samaki wa baba yake walizoea kujificha. "Ulizirudisha zikiwa nzima?"

Mama Adrienne hakujua kuomba radhi. Mudomo wake haukuzoeshwa. "Nilizirudisha," akasema.

Toussaint hakumugombeza. Angemugombeza ingekuwa afazali. Alifukia samaki wake wawili nyuma ya nyumba, akala ugali aliopikiwa, akausifu. Mashua iliyofuata ya Kigoma ilipopatikana, alisema anaenda kuchukua ile begi kubwa.

"Si ulisema rafiki ataituma?"

"Nitaifuata miye mwenyewe, Mama."

"Utarudi nayo?"

"Nitaona."

Begi haikufika. Simu inalia, haishikwi. Siku nyingine hailii hata kidogo. Musimu wa mvua umepita, mwingine umeanza. Rosine anakuja, hacheki tena, anamuambia: mwaga hayo maji, Mama Toussaint, yanakula ukuta. Hamwagi yote. Chumvi imepanda kwenye vioo, imekauka nyeupe, muntu hawezi tena kuona ndani vizuri.

Kila asubuhi Mama Adrienne anachota maji kwa kopo, anamwaga nje, anatia maji ya ziwa mahali pake, kidogo kidogo, akiitafuta bahari. Anaweka yai. Yai lilikuwa linaelea na kichwa nje. Likaja kushuka mpaka usawa wa maji. Leo limezama, limelala chini kabisa kwenye muchanga wa Kyungu. Alifurahi kidogo. Halafu akabaki ameshika kopo. Chumvi ikipungua chini ya ile inayoinua yai kuna bahari, sawa, na ikipungua zaidi kuna ziwa. Lakini yai likishazama limezama, haliongei tena. Bahari ni hapa, ao alikwisha kuipita?

Akatia kidole, akaonja. Ni chumvi. Chumvi kiasi gani, wa kumuuliza ni mumoja tu.

Akachukua simu, akabonyeza, akaiweka sikioni. Ikalia, ikalia.