Kinywa Nisichokitazama

Katika miaka ya themanini, kabla sijaota mvi, kazi yangu ilikuwa kuchungulia vinywa vya watu. Madaktari wawili, mmoja wa Nairobi na mwingine Mzungu, walikuja pwani kutafiti vidonda vya kinywa na koo na uvimbe wa shingo, hasa kwa watu waliozoea ugoro na tambuu. Walitaka mtu wa kujaza fomu anayejua Kigiriama na Kiswahili. Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nimeoa, nimepanga chumba Shella ya Malindi, na kazi sina. Wakanichukua.

Mwanzoni niliandika tu. Baadaye, walipochoka kuinama, walinifundisha kutazama mwenyewe: vuta shavu, inua ulimi, papasa chini ya taya hadi shingoni. Walinionyesha utando mweupe usiofutika kwa kitambaa, na kidonda ambacho mwezi unapita na bado kiko palepale. Hivyo ndivyo vya kuwaita waje waone. Nikajiona nusu daktari. Wazee waliokataa kufungua kinywa niliwapiga methali: mficha maradhi, kifo humuumbua. Kuwapa wengine maneno nilikuwa hodari.

Siku ikafika ya kijiji cha wakwe zangu, huko ndani nyuma ya Mariakani.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anachepuka. Yeye hali mbele yangu, nami sili mbele yake. Kwa miaka yote niliyokuwa na bintiye, mama yule nilimjua kwa sauti na kwa visigino, basi. Kumwambia afungue kinywa nichungulie ndani ni jambo ambalo hata ulimi wangu usingejua uanzie wapi.

Utasema, si ungemweleza daktari akamtazama yeye? Ningemweleza. Lakini wiki iliyotangulia yule wa Nairobi alicheka mbele yetu sote aliposikia kwamba mzee mmoja hawezi kukaa chumba kimoja na mkwewe. "Nyinyi hamtaendelea," alisema. Nami nikacheka pamoja naye, Mungu anisamehe. Sasa nimwendee niseme mimi pia ni wale wale? Nilimwonea haya mkwe, nikamwonea haya daktari, nikatafuta njia ya kuwakwepa wote wawili.

Nilimkuta mama mkwe ameketi upenuni juu ya kigoda, amejifunga leso mpya. Aliponiona ni mimi akageuka upande na kuivuta leso hadi puani. Mke mwenzake akaja akakaa katikati yetu ili maneno yapitie kwake. Nikauliza nikiwa nautazama ukuta. Ugoro anatumia? Tangu ujana. Anauweka wapi? Shavuni. Ana kidonda chochote kinywani?

Kuku akapita, akarudi.

"Mwambie mkwe wangu kinywa changu ni kizima," alisema.

Sauti ilitoka kama ya mtu mwenye tonge la moto mdomoni. Nilisikia. Nilisikia vizuri, maana nililipwa kusikia. Kisha nikajaza sehemu ya uchunguzi: hakuna kidonda, hakuna utando, shingo haina uvimbe. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri sana siku zile.

Niliporudi Shella, mke wangu alikuwa akikuna nazi.

"Mama mmemtazama?"

"Tumemtazama."

"Yuko salama?"

"Salama."

Akamshukuru Mungu, akaendelea kukuna.

Masika yakaja, yakaisha. Ndugu za mke wangu walimleta mama yao hospitali ya Malindi shavu likiwa limeshatoboka, na shingoni tezi ngumu zimejipanga. Daktari wa Nairobi alimchunguza kwa upole ambao sikuutarajia kwake. Alipotoka alituambia ukweli: kupasua hakufai tena, na mashine ya mionzi iko Nairobi, na hata huko wangemtesa bure. Kingekuwa bado kidonda kidogo, wangekata kipande tu, mama akarudi kulima.

Kesho yake akaja na fomu yangu mkononi, macho yamemtoka. Mgonjwa huyu tulimwona akiwa mzima, akasema, na miezi michache tu amefika hapa! Ugonjwa wa kasi hii hajauona. Yeye na Mzungu wake walikuwa tayari wanazungumza jinsi ya kuuandikia makala. Siku ya tatu nikamwambia kwamba sikutazama. Hakunifokea. Aliniuliza ni wangapi wengine, nikamwapia kuwa ni huyu mmoja. Akaitoa fomu kwenye faili, akaikunja, akaitia mfukoni. Utafiti wao ukapona hivyo, kwa kukunja karatasi.

Mke wangu alimnywesha mamake uji kwa kijiko, mwingi ukimwagika kupitia shavuni. Mimi nilisimama nje ya dirisha la wodi, nimewapa mgongo. Heshima, tena. Nilikuwa nalia na nilishukuru kwamba mila ilinipa pa kuficha uso. Alipoona siku zake zimekwisha aliomba arudishwe kwake, na huko ndiko alikofia.

Matanga yalipoisha mke wangu akawa na neno moja la kujifariji. Aliwaambia majirani, aliwaambia ndugu zake, aliniambia na mimi: "Angalau ulimtazama, na wakati ule ugonjwa haukuwapo. Ni kazi ya Mungu tu." Angeweza kuishi na neno lile hadi uzeeni, na labda mume mwema zaidi yangu angemwachia. Mimi sikuweza. Mchana mmoja akipepeta mchele nilimwambia yote: ukuta, leso, fomu.

Akaweka ungo chini. Nilidhani atapiga kelele. Nilitamani apige kelele.

"Mama alikuwa akiumwa na shavu," alisema. "Mimi nilijua. Alitaka kwenda hospitali, nikamwambia asihangaike, asubiri nyinyi mpite. Nikamwambia mume wangu yuko na madaktari, atahakikisha anatazamwa vizuri. Siku hiyo aliamka mapema akasukutua kinywa kwa maji ya chumvi, ugoro hakuugusa, ili mkimwangalia muone vizuri."

Nikamuuliza kwa nini basi hakulalamika tena baadaye, kwa nini hakumwambia bintiye kwamba hakutazamwa.

"Nilimuuliza," alisema. "Kila nilipokwenda nilimuuliza. Akasema shavu limepoa. Akasema ulimtazama pembe zote mpaka chini ya ulimi, na hukumuumiza hata kidogo. Aliniambia niwe na adabu kwako, maana nimepata mume mwenye mkono mpole."